Mboga ya lupango: franka inabaki mu nyumba, lakini angalieni udongo kwanza

Mvula imeanza kukatika. Mu Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi kila mutu anajua maana yake. Toka mwezi wa tano mpaka mwezi wa tisa hatutaona mvula, vumbi itapanda, na zile mboga tulizokuwa tunachuma bure nyuma ya nyumba, kibwabwa, matembele, lengalenga ya kujiotea yenyewe, zitakauka. Kila fungu la mboga litatoka ku soko. Na fungu la mboga, hata likiwa la bei kidogo, mama wa nyumba analilipa siku 30 mu mwezi.

Bunga hatuwezi kuipata mu lupango. Sehemu kubwa ya bunga yetu inatoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa, na mupaka ukifungwa ao mvula ikikosa kule, sisi huku tunasikia mara moja. Mu mwaka 2024 Zambia ilikosa mvula mpaka serikali yake ikatangaza musiba wa taifa, na kila nyumba ya Katanga iliona matokeo ku meka ya bunga. Bei ya bunga, basi, si sisi tunaipanga. Lakini franka ya mboga, ya nyanya, ya kitunguu ya majani, ya pilipili, hiyo tunaweza kuipunguza kwa mukono wetu, na bila kununua vitu vingi. Juma hili tumekusanya ujanja wa bei ya chini wa bustani ya nyumba: mambo bamama wa cité na wa kambi wanafanya kila siku, na mambo watalamu wa kilimo wanafundisha.

Jembe si kitu kigeni kwa mutu wa mugodi. Wazee wanakumbuka wakati wa posho, Union Minière na kisha Gécamines wakigawa bunga na vyakula vingine, mutu analima kwa kupenda tu. Kisha miaka ya 1990 ikakuja, mishahara ikaanza kuchelewa, posho ikakatika. Mu 2003 zaidi ya wafanyakazi elfu kumi wa Gécamines walitoka kazini mu ile mupango wa « départs volontaires ». Nyumba ngapi za kambi zilikula wakati ule juu ya mistari mitatu ya lengalenga na muti wa papai! Batoto wa wakati ule leo ni batata na bamama, na wengine wako mu kampuni mpya, wengine mu karyeri na mupiko. Mushahara ni mwingine, lakini mistari mitatu ya lengalenga ingali na faida ileile.

Udongo kwanza

Mu gazeti nyingine wangeanza na mbolea. Sisi tunaanza na udongo, kwa sababu wasomaji wetu wanaishi juu ya shaba, na udongo wetu si sawa na wa Kamina ao wa Sandoa.

Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza mu 1911. Kwa miaka mingi sana moshi wa ile shemine ulisukumwa na upepo kwenda upande wa kaskazini-magharibi, na kule ku Penga-Penga majani yalikufa, udongo ukabaki wazi. Watu wa Université de Lubumbashi walipima udongo na mboga mu bustani nyingi za muji, na mu sehemu nyingine walikuta shaba, kobalti, risasi na kadmiumu kupita kipimo. Mu 2009 walitangaza kama watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, wanabeba mu mukojo madini mengi kuliko wale wa mbali. Mu 2018, pamoja na watalamu wa Leuven ya Ubelgiji, wakatangaza matokeo ya Kasulo, kule Kolwezi, mahali watu walichimba kobalti mpaka chini ya nyumba: mu damu na mukojo ya wakaaji kobalti ilikuwa nyingi, na zaidi ya wote batoto, juu ya vumbi.

Hatusemi hii ili mutu atupe jembe. Tunasema juu ya kujua pa kupanda. Madini yanaingia mu chakula kwa njia mbili: mizizi inayavuta kutoka udongo, na vumbi inakaa juu ya majani. Risasi inaharibu akili ya mutoto muchanga, na hakuna dawa ya kuirudisha. Shaba yenyewe mmea unaiogopa: ikipita kiasi, mboga inabaki fupi, majani yanakuwa ya manjano, na mwenye bustani anafikiri ni njaa ya mbolea.

Udongo mubaya una alama zake. Kama mahali hapo zamani palikuwa depo ya mawe, ao mahali pa kuponda na kuosha, usipande kitu cha kula. Kama kuna mawe ya kijani, kijani ile ya malakiti ambayo kila muchimbaji anaijua, usipande. Kama mahali ni pa wazi miaka yote, nyasi hazikubali, ao panaota tu kale kamuti kafupi ka maua ya zambarau, angalia vizuri: watalamu wa mimea wanakaita Haumaniastrum katangense, na jina lingine ni ua la shaba, kwa sababu kanapenda udongo wenye shaba ambako mimea mingine inakufa. Wazungu wa kutafuta madini walikafuata zamani. Wewe wa bustani, ukakimbie.

Na muchanga? Mara nyingi tunaona watu wanaleta muchanga wa mabaki ya kiwanda, ao yale mawe meusi yaliyopondwa, juu ni bure na gari linapita. Ya kujenga ni habari nyingine. Ya kupanda, hapana.

Kama lupango yako iko mahali pa wasiwasi na huna pengine, kuna njia ya kupunguza hatari. Kupunguza, si kuimaliza. Tia chokaa, tia samadi na takataka iliyooza kwa wingi: udongo wenye chokaa na wenye chakula kingi unashika madini, mizizi haiyapati kwa urahisi. Ku Penga-Penga kwenyewe watu wa Université walifaulu kuotesha miti mu mashimo yaliyotiwa mbolea ya kuoza na chokaa. Kisha chagua mimea. Mboga ya majani ndiyo inavuta na kukamata vumbi kuliko yote: lengalenga, shu de shin, matembele. Mimea ya matunda na ya punje inabeba kidogo: maharagi, nyanya, gombo, mahindi, ndizi, papai. Mu udongo wa wasiwasi panda hizi za pili, na majani uyapande ndani ya mifuko, vile tutaeleza chini. Tandaza nyasi kavu chini ya mimea, juu maji yasirushe udongo ku majani. Upande wa barabara ya malori weka ukingo wa matete ao wa miti ya kusongamana.

Ku jikoni, mboga inapita mu maji matatu, na maji ya kwanza yanamwagwa mbali. Sombe inaoshwa mbele ya kutwangwa. Kisha kutwanga umechelewa. Muhogo na viazi, toa ganda.

Na tata wa nyumba ana sehemu yake. Maji ya kufulia nguo za kazi, zile ovaroli za mugodi, hayamwagwi ku bustani hata siku moja. Viatu vya kazi vinabaki inje. Tunajua kuna nyumba mahali maji ya sabuni yote yanaenda ku miche ya nyanya juu maji ni shida. Ya vyombo sawa, ya ovaroli hapana.

Mufuko, bido, mukebe

Vyombo vya bustani haviombi duka. Mufuko wa bunga ao wa muchele wa kilo 50, uliotobolewa vizuri, unabeba mboga ya nyumba ya watu wanne. Kamata mukebe mukubwa wa maziwa, toa kifuniko na kitako, usimamishe katikati ya mufuko. Jaza ndani ya mukebe vipande vya matofali ya kuchoma. Matofali, tunasema, si mawe ya karyeri. Kisha tia udongo kuzunguka mukebe, vuta mukebe juu kidogo, jaza tena matofali, tia tena udongo, mpaka mufuko ujae. Utabaki na nguzo ya matofali katikati, na maji ukiyamwaga pale yanashuka mpaka chini. Bila ile nguzo, juu kutakuwa matope na chini kutakuwa kavu. Toboa mbavu za mufuko kwa kisu, matundu ya vidole viwili, yasifuatane mu mustari mumoja, na mu kila tundu ingiza muche wa shu de shin, wa kitunguu ya majani ao kipande cha mutambaa wa matembele. Juu panda nyanya moja ao mbili.

Udongo wa mufuko: sehemu tatu za udongo mweusi wa mbali na barabara na mugodi, sehemu mbili za samadi iliyooza, na kama udongo ni muzito, muchanga kidogo wa muto usiopita ku kiwanda. Katanga yetu ina zawadi moja ambayo watu wa inchi zingine wanakuja kuipima: vichuguu vikubwa, virefu kuliko nyumba. Udongo wa kichuguu una ufinyanzi na chumvi nzuri kuliko udongo mwekundu wa pembeni, na wakulima wetu wa vijiji tangu zamani wanaumwaga mu mashamba. Tia sehemu moja tu, ukiwa umeuponda. Ukitia mwingi utakuwa umefanya tofali.

Sasa jambo tunalotaka kila nyumba ya muchimbaji isikie. Mufuko uliobeba mawe ya madini, hata ukioshwa mara kumi, si wa mboga. Mufuko wa simenti hapana. Na zile bido na mapipa ya buluu yanayotoka ku viwanda na kuuzwa ku soko bila karatasi yoyote, yalikuwa na asidi ao na dawa za kusafishia shaba. Bei yake ni nzuri, ni kweli. Lakini usiyaweke maji ya kunywa, usiyaweke maji ya kumwagilia, usiyakate kuwa kitanda cha miche. Bido ya manjano ya mafuta ya kula inatosha: ikate mu ubavu, toboa chini, na una kitanda cha miche ya nyanya mia moja.

Mukebe mudogo una kazi nyingine. Ukate juu na chini ubaki sawa pete, uzungushe shingo ya muche mupya wa nyanya ao wa shu, uingize vidole viwili mu udongo. Yule mududu anayekata miche usiku chini-chini hataipata. Muche ukikomaa, toa pete, weka kwa mwingine. Na mufuko ukiona jua imeanza kuula na nyuzi zinameguka, ubadilishe mbele nyuzi hazijaingia mu udongo.

Chakula cha mimea, bila angrè ya duka

Angrè ya duka ni nzuri, hatuigombanishi. Lakini kwa bustani ya hatua kumi, mbabula na kuku wanatosha.

Majivu ya mbabula. Udongo wetu mwekundu una uchachu, na majivu ya makala yanauondoa pole-pole sawa vile chokaa. Mikono miwili ya majivu kwa kila hatua moja ya mraba, mara moja ao mbili kwa mwaka, ukichanganya na jembe. Si zaidi, juu majivu mengi yanafunga udongo. Yasiwe majivu ya mbao za rangi, ya plastiki, ya matairi, na zaidi ya yote si ya mahali watu wanachoma nyaya za umeme kutoa shaba. Na usimwage majivu siku moja na mavi ya kuku ao urée: nguvu ya mbolea inapanda hewani, harufu yake ukiisikia mu pua ujue franka inakwenda.

Mavi ya kuku mabichi yanaunguza mizizi. Yaweke chini ya kivuli, yafunike, yakae mwezi moja ao miwili. Mwenye haraka afanye chai ya samadi: tia mavi mu kitambaa, funga, tumbukiza mu bido ya litre 20 siku kumi, huku ukitikisa. Maji yakitoka meusi, uyachanganye na maji safi mpaka yawe rangi ya chai ya maji mengi. Mwaga chini ya mumea, si ku majani.

Shimo la takataka kila lupango inaweza kulipata. Kiangazi chimba chini, goti moja, juu chini kunashika maji. Wakati wa mvula fanya lundo juu. Maganda ya viazi na ya ndizi, majani ya mboga yaliyoharibika, mabua, maganda ya mayai, majani makavu, samadi kidogo, udongo kidogo, maji. Majani ya muembe na ya avoka ni magumu, yapasue na usiyaweke mengi. Nyama, mafuta, plastiki, mabatri ya tochi, mavi ya mbwa, hapana. Ingiza kijiti kirefu katikati. Kisha siku tano ukitoe, ukishike: kikiwa cha moto, kazi inaenda, kikiwa cha baridi na kikavu, mwaga maji, kikiwa cha baridi na kinanuka, umetia maji mengi, geuza. Kisha miezi miwili mpaka mitatu utakuta udongo mweusi wa kumeguka mu mukono.

Kuna mbolea nyingine ambayo kila mutu anaitengeneza kila asubuhi bila kulipa, na tunajua kuna watakaocheka. Mukojo wa mutu muzima, kikombe kimoja mu vikombe kumi vya maji, umemwagwa mu kafuo pembeni ya mahindi ao ya ndizi kisha kufunikwa na udongo, ni sawa na urée. Usimwage ku majani, na uache mwezi moja mbele ya kuvuna. Lakini tumesema pale juu kwamba watu wa karibu na mugodi wanabeba madini mu mukojo. Basi nyumba za namna hiyo ziuache kwa miti ya kivuli na maua.

Maji

Mwezi wa sita na wa saba bustani inakufa kwa maji mabaya kuliko kwa maji machache. Kumwagilia saa sita ya mchana ni kumwagilia jua. Mwagilia asubuhi mapema, na mwagilia polepole, mara moja vizuri kuliko mara tatu juu-juu. Fanya bakuli la udongo kuzunguka kila mumea, funika na nyasi kavu ao majani ya ndizi, kitu cha vidole vinne. Wenye kufunika wanarudi na ndoo nusu ya wale wasiofunika, na magugu yanakosa nguvu.

Chupa ya plastiki ya litre moja na nusu, ile inayotupwa njiani, ni bomba la bure. Toboa kifuniko kwa sindano ya moto, kata kitako, zika shingo chini karibu na mizizi ya nyanya, ukijaza maji yanatoka tone kwa tone. Tundu likiwa kubwa maji yanakwisha mara moja, basi anza na dogo. Kata kitako kisitoke chote, kibaki sawa kifuniko cha kuzuia mbu na uchafu. Na kila bido ya maji iliyo mu bustani ifunikwe. Malaria inazaliwa mu maji ya kulala.

Maji ya kuosha muchele, maji ya kuosha mboga kisha yale ya kwanza, maji ya vyombo yenye sabuni ya kipande kidogo: haya yanafaa, kwanza ku ndizi na papai. Maji yenye javel ao sabuni nyingi ya unga, hapana.

Wadudu

Dawa ya wadudu inayouzwa ku soko mu kachupa bila jina ni ya kuogopa. Hujui ni ya pamba ao ya panya, na hujui siku ngapi ya kungojea mbele ya kula. Jaribu kwanza vidole. Asubuhi, wakati wa umande, wadudu ni wazito; kugeuza majani na kuponda mayai yao kila siku mbili kunashinda dawa nyingi, na batoto wanapenda kazi hiyo kama unawaahidi kitu.

Vidukari, wale wadogo wa kijani ao weusi chini ya majani ya shu, hawapendi sabuni. Ponda pilipili kali kumi ao kumi na tano, loweka usiku mu litre moja ya maji, chuja na kitambaa, tia kipande kidogo cha sabuni ya kawaida iliyokunwa, ongeza maji mpaka litre tano. Rusha kwa ufagio wa nyasi jioni, chini ya majani. Jaribu kwanza ku majani mawili, ungoje siku moja. Usishike macho.

Kule vijijini kuna buba, ile muti ambayo wavuvi wa zamani walikuwa wakiponda majani yake na kuyatupa mu muto ili samaki walewe. Majani hayo, yakilowekwa usiku moja na kuchujwa, yanaua wadudu wa mboga na wa maharagi. Lakini ni sumu ya kweli: mbali na kiziba cha samaki, mbali na kisima, mbali na batoto, na mboga isichumwe mpaka siku kadhaa zipite, kisha ioshwe.

Kwa mwenye mahindi, yule kiwavi aliyeingia Afrika mu 2016 na akafika kwetu bila kuchelewa, anayejificha mu moyo wa muhindi: tia ndani ya moyo mukono wa muchanga laini ao wa majivu wakati mahindi ni madogo. Si kila kiwavi atakufa, lakini shamba la lupango linaokoka.

Nini kwanza?

Mwezi wa tano ni wakati wa nyanya na shu. Wakati wa mvula nyanya inaoza majani, ndiyo maana mwezi wa kwanza bei yake inapanda. Kiangazi inapona, ikiwa na maji. Lengalenga inakatwa kisha juma tatu ao nne. Usiing'oe, ikate vidole vinne juu ya udongo, itachipuka tena mara mbili ao tatu. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba inaumiza miche, funika jioni na nyasi ao mufuko, funua asubuhi. Kitunguu ya majani haitaki hata mbegu: ukinunua fungu ku soko, kata majani ya kupika, na vile vichwa vyenye mizizi uvirudishe mu udongo.

Mbegu za kuweka, tafuta kwa mimea yenye nguvu, si kwa ile iliyobaki. Acha muti moja wa lengalenga utoe mbegu, unatosha lupango yako na ya jirani. Gombo na maharagi, ziache zikauke palepale. Nyanya: chagua tunda zuri lililoiva sana, kamua mbegu na maji yake mu glasi, ziache siku mbili ao tatu mpaka zitoe povu, osha, anika ku kivuli juu ya kitambaa. Usiweke mbegu za nyanya za pakiti ya F1, watoto wake hawafanani na mama. Zote zikikauka vizuri, tia mu chupa kavu pamoja na majivu baridi, funga, andika jina na mwezi.

Mbele ya kupanda mbegu ya mwaka jana, hesabu kumi, uzifunge mu kitambaa chenye maji, uweke mahali pa joto karibu na mbabula, si juu yake. Kisha juma moja fungua. Zikiota nane, panda sawa kawaida. Zikiota tano, mwaga mara mbili. Zikiota mbili, wape kuku.